UCHAMBUZI: Mbio za kupanda makanisa Nakuru: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea

ANAYEPITA katika mitaa ya Kaptembwo, Rhonda au Free Area mjini Nakuru asubuhi ya Jumapili hahitaji takwimu ili kujua kwamba makanisa yanaongezeka. Hili ni la mabati, lile limekodi chumba juu ya duka, na jingine linakutana katika darasa la shule ya chekechea. Vipaza sauti hushindana, nao waumini hupishana njiani kila mmoja akielekea kwake.

Kisichoonekana kwa urahisi ni kazi inayotangulia ongezeko hilo, yaani mafunzo ya watu wanaotumwa kuanzisha makanisa hayo. Katika eneo la kati la Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Molo na kuteremka hadi nyanda za chini za Baringo, kazi hiyo inajulikana miongoni mwa madhehebu mengi kama kupanda makanisa. Shabaha yake si kujenga kanisa moja kubwa. Ni kuanzisha kanisa litakalozaa jingine, nalo lizae jingine, pasipo kungojea mmishonari wala fedha kutoka ng'ambo.

Shabaha hiyo ina historia ndefu na hoja nzito. Lakini tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, swali la nani hufunzwa kuongoza kanisa, na nani atamhoji akipotoka, si la wanatheolojia pekee tena. Ni swali la uhai wa watu.

Serikali imelijibu kwa kudai vyeti na usajili. Wakufunzi wengi wa wapanda makanisa hulijibu kwa idadi ya makanisa yaliyozaliwa. Majibu yote mawili yanaliacha kando jambo lenye uzito zaidi, nalo ni uwajibikaji wa mhubiri baada ya semina kwisha na mkufunzi kurudi kwake.

Mbegu ya zamani

Wazo la kanisa linalojieneza lenyewe si geni. Katikati ya karne ya 19, Henry Venn, katibu wa shirika la kimishonari la CMS jijini London, alifundisha kwamba wajibu wa mmishonari ni kuacha nyuma kanisa linalojitawala, linalojitegemea na linalojieneza, kisha aende kwingine. CMS ndilo shirika lililomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844.

Aliyelisukuma wazo hilo mbali zaidi ni kasisi wa Kianglikana Roland Allen, aliyewahi kuwa mmishonari nchini Uchina. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1912, alihoji ni vipi Mtume Paulo aliweza kuanzisha makanisa mijini na kuyaacha mikononi mwa wazee wa papo hapo baada ya muda mfupi, ilhali wamishonari wa zama zake walikaa vizazi kadhaa wakidai kwamba wenyeji hawakuwa tayari.

Allen alihamia Kenya katika miaka ya 1930 na kufariki jijini Nairobi mwaka 1947. Wapenzi wa Kiswahili wana sababu nyingine ya kumkumbuka. Uzeeni alijifunza lugha hii hata akatafsiri tenzi, ukiwemo Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani wa Hemedi bin Abdallah. Mwanawe, J.W.T. Allen, alikuja kuwa mmoja wa wataalamu mashuhuri wa tenzi na miswada ya Kiswahili. Hivyo basi, mtu ambaye mawazo yake yanarejelewa na wakufunzi wa wapanda makanisa katika mabara mengi alimalizia siku zake katika ardhi ya Kenya.

Wakati Allen akiandika, Waafrika wenyewe walikuwa tayari wanakabiliana na swali hilo kwa vitendo. Mzozo wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wasichana uliwatenga Wakikuyu wengi na misheni, wakaanzisha shule na makanisa yao huru. Waumini walikuwepo na majengo yalijengwa. Kilichokosekana ni wachungaji.

Mnamo 1935, viongozi wa makanisa hayo walimleta kutoka Afrika Kusini Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Kanisa la African Orthodox. Alifungua seminari Gituamba, Murang'a, akawafunza wanafunzi wachache, akawaweka wakfu baadhi yao mwaka 1937, kisha akarejea kwao. Kazi yote ilichukua muda usiotimia miaka miwili.

Matokeo yake yana funzo kwa wakufunzi wa leo. Mafunzo hayo mafupi yalizaa makanisa yaliyodumu, na Kanisa la AIPCA lingali lina waumini wengi katika Kenya ya Kati na Bonde la Ufa. Hata hivyo, mara tu mkufunzi alipoondoka, wanafunzi wake waligawanyika. Baadhi walishika njia ya AIPCA, na wengine, wakiongozwa na Arthur Gathuna, wakaunda tawi ambalo baadaye lilijiunga na Upatriaki wa Kigiriki wa Alexandria. Mafunzo yalikuwa yamewapa daraja la uchungaji, lakini hayakuwaachia mahali pa kukutana na kusuluhisha tofauti zao.

Kwa nini vyuo havitoshi

Wanaobeza semina fupi za wapanda makanisa huuliza kwa nini vijana hao wasiende chuoni. Kenya haina uhaba wa vyuo vya theolojia. Chuo Kikuu cha St Paul's kiko Limuru, Chuo cha Biblia cha Moffat kiko Kijabe kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na Kericho kuna chuo kilichoanza kama Kenya Highlands Bible College kabla ya kupanda hadhi na kuwa chuo kikuu.

Tatizo ni kwamba chuo humchukua mtu kutoka kwao kwa miaka mitatu au minne, humtoza karo, humfunza kwa Kiingereza, na mara nyingi humrudisha akiwa na matarajio ambayo kanisa la kijijini haliwezi kuyatimiza. Ushirika wa familia 20 za wakulima wa viazi huko Kuresoi hauwezi kumlipa mhitimu wa shahada. Matokeo ni kwamba wahitimu hukusanyika mijini, huku mchungaji mmoja wa mashambani akihudumia makanisa kadhaa na kuonekana katika kila moja mara moja kwa mwezi, au hata zaidi ya hapo.

Mwanya huo si wa Kenya pekee. Mwaka 1963, seminari ya Kipresbiteri nchini Guatemala iliona kwamba wahitimu wake wengi hawakurudi kuhudumu vijijini, ikabuni mfumo wa kuwapelekea masomo viongozi waliokuwa tayari wakiongoza makanisa yao. Huo ndio mwanzo wa elimu ya theolojia kwa enezi, ambayo baadaye ilienea Afrika Mashariki.

Mafunzo ya kupanda makanisa yamelifikisha wazo hilo mbali zaidi. Anayefunzwa si lazima awe mhubiri. Anaweza kuwa mwalimu wa chekechea, fundi wa baiskeli, mhudumu wa bodaboda au mfanyakazi wa shamba la maua huko Naivasha. Hukutana na wenzake kwa siku mbili au tatu, kisha hurudi nyumbani kutenda alichojifunza kabla ya kuitwa tena.

Mbinu yenyewe ni rahisi kueleza. Mwanafunzi hutafuta jamaa moja iliyo tayari kumpokea. Badala ya kuhubiri, huwasomea au kuwasimulia kisa cha Biblia, kisha kikundi hujiuliza maswali yaleyale kila mara. Kisa hiki kinasema nini kuhusu Mungu? Kinasema nini kuhusu binadamu? Tukikiamini, tutabadilisha nini wiki hii? Tutamsimulia nani? Baada ya miezi kadhaa, mmoja wa wenyeji huanza kuongoza, naye mgeni huondoka.

Msingi wa mbinu hiyo ni agizo la Paulo kwa Timotheo, kwamba aliyoyasikia awakabidhi watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine. Wakufunzi hupenda kuonyesha kwamba katika agizo hilo moja mna vizazi vinne: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na hao wengine.

Kwa jamii za wafugaji, njia hii ina manufaa ya wazi. Haidai jengo ambalo litaachwa tupu mifugo inapohamishwa. Haidai msomaji hodari, kwani masimulizi ni hazina ya wazee. Katika miaka ya 1960, padri Mmarekani Vincent Donovan aliijaribu njia inayofanana na hiyo miongoni mwa Wamaasai wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Alitembea boma hadi boma akizungumza na wazee juu ya imani kwa takriban mwaka mmoja, kisha akawaachia uamuzi. Kitabu alichokiandika mwaka 1978 kuhusu kazi hiyo kinasomwa hadi leo, na humo anakiri deni lake kwa Roland Allen.

Hesabu na uhalisia

Hoja hizo zote ni za haki. Ugumu huanza pale kazi inapopimwa kwa hesabu.

Chukua kanisa moja linalozaa jingine kila mwaka, na kila lililozaliwa nalo lifanye vivyo hivyo. Baada ya miaka 10 yatakuwapo makanisa 1,024. Baada ya miaka 16 yatakuwa 65,536. Kila moja likiwa na waumini 50 tu, jumla yao itazidi milioni tatu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti nzima ya Nakuru. Kwa hivyo hesabu inayopendeza ubaoni haiwezi kutimia mashinani, na anayefunzwa kuitarajia huishia kuwa na mawili ya kuchagua: kukiri kwamba hakuitimiza, au kuandika ripoti isiyo ya kweli.

Isitoshe, sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya ni Wakristo. Waprotestanti walikuwa asilimia 33.4, Wakatoliki asilimia 20.6, waumini wa makanisa ya kiinjilisti asilimia 20.4, na wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika asilimia 7. Katika mtaa kama Kaptembwo, kanisa jipya linapojaa katika miezi mitatu, ni vigumu kuamini kwamba waliolijaza walikuwa hawajawahi kusikia Injili. Wengi wametoka kanisa la jirani, ama kwa ugomvi, ama kwa kuvutiwa na ahadi za miujiza. Kondoo hawajaongezeka, wamebadilisha zizi tu.

Hata hivyo, lipo hitaji la kweli. Mitaa mipya inayochipuka pembezoni mwa Nakuru, hasa tangu mji huo ulipopewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, ina maelfu ya wapangaji wasiojuana. Mashamba ya maua ya Naivasha yamewakusanya vijana kutoka pembe zote za nchi, mbali na wazazi na wazee wao. Huko Tiaty na sehemu nyingine za Baringo, kuna vijiji ambavyo mchungaji wa kudumu ni ndoto. Lakini kupeleka mtu huko kunadai subira, na subira haijazi ripoti za mwisho wa mwaka.

Cheti si kinga

Kwa upande wake, serikali imekuwa ikitafuta dawa katika vyeti. Mnamo Januari 2016, Mkuu wa Sheria wakati huo, Githu Muigai, alichapisha kanuni ambazo pamoja na mengine zingewataka wahubiri wawe na cheti cha theolojia kutoka taasisi inayotambulika. Makanisa yalizipinga vikali, yakidai kwamba serikali haiwezi kuamua nani ameitwa na Mungu. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zisitishwe ili mashauriano mapya yafanyike.

Miaka saba baadaye ikaja Shakahola. Paul Mackenzie wa Good News International Church, aliyewahi kuwa dereva wa teksi, anashtakiwa kwa kuwashawishi wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Amekanusha mashtaka. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Rais William Ruto aliunda jopokazi lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi, ambalo liliwasilisha ripoti yake Julai 2024. Mwaka huohuo, Mswada wa Mashirika ya Kidini ulifikishwa katika Seneti na kupingwa tena na viongozi wengi wa makanisa.

Nchini Rwanda, sheria ya mwaka 2018 ilidai shahada ya masomo ya dini kwa anayeongoza kanisa, na maelfu ya nyumba za ibada zilifungwa mwaka huo na tena mwaka 2024 kwa kutotimiza masharti. Wapo Wakenya wanaotamani mkono kama huo, ingawa Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda uhuru wa kuabudu na kingefanya hatua hiyo kuwa ngumu mahakamani.

Lakini hata pasipo Katiba, historia ya eneo hili inaonyesha kwamba cheti peke yake si kinga. Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, na miili mingine ikafukuliwa katika makao ya kundi hilo. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Dominic Kataribabo, padri wa Kikatoliki aliyekuwa ametengwa na kanisa lake, na aliyesoma hadi chuo kikuu nchini Marekani. Shahada alikuwa nayo. Kilichokuwa kimekatika ni kamba iliyomfunga na askofu na mapadri wenzake, ambao wangeweza kumwambia amepotoka na kumwondoa.

Mackenzie naye hakuwa na askofu, baraza wala kikao cha wazee chenye uwezo wa kumsimamisha. Mafundisho yake dhidi ya shule na hospitali yalijulikana miaka mingi kabla ya 2023, na aliwahi kukamatwa kwayo mwaka 2017. Viongozi hao wawili, mmoja msomi na mwingine asiye na masomo ya theolojia, walifanana katika jambo moja tu: kila mmoja alikuwa amefikia mahali ambapo hakuna aliyeweza kumuuliza swali akalazimika kulijibu.

Hapo ndipo mafunzo ya wapanda makanisa yanapaswa kujipima. Mbinu inayosifia uhuru wa kikundi kipya, na kumhimiza mkufunzi aondoke upesi, inaweza kuzaa kanisa lililokomaa. Inaweza pia kuzaa mfalme mdogo katika chumba cha kukodi. Tofauti haionekani siku ya kufungua kanisa.

Mtihani wa Bonde la Ufa

Katika Nakuru na viunga vyake kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya mafunzo kutoka ng'ambo huipita haraka. Mwanzilishi wa elimu ya ukuaji wa kanisa, Donald McGavran, aliyezaliwa India, alifundisha kwamba watu hupenda kuwa Wakristo pasipo kuvuka mipaka ya kabila, lugha au tabaka. Kwa hivyo kanisa la watu wa aina moja hukua upesi. Kama maelezo ya tabia za watu, hoja hiyo ina ukweli. Kama mwongozo wa kazi katika Bonde la Ufa, ni kucheza na moto karibu na nyasi kavu.

Makazi ya eneo hili yalipangwa na siasa za ardhi. Reli ilileta mji, walowezi wakachukua mashamba, na vibarua wakaletwa kutoka kila upande. Baada ya uhuru, mashamba mengi yalinunuliwa na vyama na kampuni za ununuzi wa ardhi, kama ile ya waliokuwa wapiganiaji uhuru wa wilaya ya Nakuru iliyoacha jina la Ndeffo huko Njoro. Wanachama waliotoka sehemu moja walipewa ploti pamoja, na kanisa lililojengwa kati yao likawa la lugha yao. Ndiyo maana katika vijiji vingi vya Molo, Njoro na Kuresoi jina la dhehebu hutosha kumjulisha msikilizaji kabila la waumini wengi.

Gharama ya mpangilio huo ilionekana katika ghasia za mapema miaka ya 1990 huko Molo na Olenguruone, na zaidi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo. Mwishoni mwa mwezi huo, moto na mapanga vilikuwa vimefika Nakuru na Naivasha, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa kambi ya wakimbizi wa ndani.

Baraza la Kitaifa la Makanisa nchini (NCCK) lilikiri hadharani mwaka 2008 kwamba viongozi wa kanisa waliegemea pande za kisiasa, likaomba radhi. Haikuwa hivyo kila mara. Katika ghasia za mapema miaka ya 1990, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa Askofu wa Kikatoliki wa Nakuru, aliikemea serikali waziwazi kwa yaliyowapata waliofurushwa. Angalau sehemu ya uwezo wake wa kusema ilitokana na kwamba dayosisi yake ilikuwa na waumini wa makabila yote, na kiti chake hakikutegemea sadaka ya kabila moja.

Kanisa dogo la kabila moja, lisilo na uhusiano na jingine, halina kinga hiyo. Msimu wa siasa unapofika, mchungaji wake hujua vyema kwamba akisema lisilopendwa na wazee wa kijiji, kapu la sadaka litarudi tupu. Mafunzo yanayomwandaa mtu kuanzisha kanisa Bonde la Ufa bila kumwandaa kwa siku hiyo yamemwacha nusu njia.

Mifano ya ulezi

Ipo mifano ya hapahapa inayoonyesha kwamba kuongezeka na kuwajibika vinaweza kwenda pamoja.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia chombo chao cha AMECEA, waliamua katika mikutano ya 1973 na 1976 kuzifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi yao. Jumuiya hukutana nyumbani, huongozwa na walei, husoma Biblia na kusaidiana katika misiba na harusi. Huzaliwa na kugawanyika pasipo kelele. Lakini kila moja ina mahali pake katika parokia, na kiongozi wake huchaguliwa na hubadilishwa.

Kwa Waprotestanti, Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuingia Kenya mwaka 1937 ulienezwa zaidi na watu wasio makasisi. Uliruka mipaka ya makabila na madhehebu bila kuunda dhehebu jipya. Ngome yake ilikuwa mkutano wa ndugu, ambapo kila mmoja, hata askofu, aliweza kuulizwa juu ya maisha yake mbele ya wenzake. Wapo waliolalamika kwamba mikutano hiyo ilikuwa mikali mno. Hata hivyo, si rahisi kwa mtu kujigeuza masihi mbele ya watu wanaomwuliza kila wiki juu ya dhambi zake.

Miongoni mwa makanisa ya mijini, Nairobi Chapel ilifufuliwa mwaka 1989 kwa kikundi kidogo kilichotumwa na kanisa la Nairobi Baptist, na mwaka 2005 nayo ikajigawa kwa hiari kuwa makanisa kadhaa, Mavuno likiwa mojawapo. Wanaofunzwa huko huhudumu kwanza chini ya wachungaji wenye uzoefu kabla ya kukabidhiwa kanisa. Njia hiyo ni ghali na haizai makanisa kila mwezi, lakini mtu hujulikana tabia yake kabla ya kupewa madhabahu.

Maswali yanayostahili kuulizwa

Kutokana na mifano hiyo, mafunzo mema hayatambuliwi kwa urefu wa kozi wala kwa rangi ya cheti. Hutambuliwa kwa majibu ya maswali machache ambayo muumini yeyote anaweza kuyauliza, na ambayo Msajili wa Vyama hawezi kuyauliza kwa niaba yake.

La kwanza ni la fedha. Nani hushika sadaka, na nani huiona hesabu? Chama cha kina mama wa sokoni hakikubali mwenyekiti awe pia mweka hazina. Ni ajabu kwamba wanachama walewale hukubali jambo hilo Jumapili.

La pili ni la mamlaka. Mchungaji akikosa, ni kikao gani kinaweza kumsimamisha, na je, kikao hicho kimewahi kukutana? Baraza lililojaa mke, shemeji na watoto wa mwanzilishi si baraza.

La tatu ni la mwili. Mgonjwa akiacha dawa au mtoto akiacha shule kwa sababu ya mahubiri, nani atapiga ukelele? Baada ya Shakahola, mkufunzi yeyote asiyelifundisha hili siku ya kwanza amepuuza wajibu wake.

La nne ni la jirani. Kanisa jipya lina uhusiano gani na kanisa la kabila jingine lililo ng'ambo ya barabara? Kubadilishana wahubiri au kushirikiana katika matanga ni mambo madogo wakati wa amani. Mwaka wa uchaguzi huwa ndiyo madaraja pekee yaliyobaki.

La tano ni la mkufunzi mwenyewe. Je, hurudi? Paulo, ambaye kasi yake husifiwa sana semina hizi, aliyarudia makanisa yake, aliyaandikia barua za kukaripia na kutia moyo, na alimwacha Tito huko Krete ili kutengeneza yaliyosalia. Roland Allen alimwamini mwenyeji kuliko wamishonari wenzake walivyomwamini, na wakati umethibitisha kwamba hakukosea. Lakini nyaraka za Paulo zinaonyesha kwamba kumwamini mtu si kumtelekeza.

Kwa serikali, somo ni kwamba itapata manufaa zaidi kwa kuhakikisha sheria zilizopo zinafuatwa kuliko kwa kuwapima wahubiri shahada. Sheria ya Vyama tayari inadai maafisa wanaojulikana na ripoti za kila mwaka. Sheria za watoto, za afya na za kelele zinawahusu wahubiri kama zinavyomhusu mwenye baa. Polisi wanaopokea malalamiko ya jamaa kuhusu mhubiri wanapaswa kuyafuatilia kabla makaburi hayajachimbwa.

Kwa makanisa makubwa na miungano yao, ukiwemo Muungano wa Makanisa ya Kiinjilisti na lile la makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika (OAIC) lenye makao Nairobi, kuna kazi ya kuwapokea wapanda makanisa hawa wadogo badala ya kuwacheka. Mhubiri wa Rhonda asiye na askofu anahitaji kikao cha wenzake kuliko anavyohitaji hotuba juu ya ukosefu wake wa digrii.

Makanisa yataendelea kuongezeka Nakuru. Ardhi inagawanywa, mitaa inapanuka, na watu waliotoka mbali hutafuta mahali pa kuimba kwa lugha wanayoielewa na pa kuzikiwa wakifa. Hakuna mswada utakaozuia hilo, wala hakuna sababu ya kulizuia. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Anayefunzwa kuanzisha kanisa anapaswa kuondoka semina akijua jina la mtu atakayemwendea akikwama, na jina la yule mwenye mamlaka ya kumwambia basi.